Fadhila ya Kitabu

Imekuwa ada ya watu waliosoma, na hususa wale ambao elimu yao iliwagharimu sana, kudhani kwamba mtu aliyeketi na kitabu mkononi yumo katika daraja ya juu kuliko mwenziwe aliyeketi mbele ya televisheni, au kwenye baraza ya bao, au penye taarab ya harusi; na dhana hiyo imeenea hata mzazi akimwona mwanawe anasoma hadithi yoyote, ijapokuwa ni hafifu kupita kiasi, hushukuru, na akimwona anatazama mchezo uliotungwa kwa ustadi mkubwa, hunung'unika. Ni dhana ya watu wema, nami sina nia ya kuwabeza. Walakini yastahili kupimwa kwa insafu, kwa kuwa mapenzi ya vitabu, hata yawe makubwa namna gani, si burhani, na anayekipenda kitu kwa dhati hana budi kuzijua sababu za kweli za mapenzi yake, asije akakitetea kwa hoja ambazo mpinzani wa kwanza atazibomoa.

Hoja inayotangulia katika vinywa vya wanaokitukuza kitabu ni kwamba kudumu kwake karne nyingi kumethibitisha cheo chake. Kinachosahauliwa ni kuwa vingi katika vitabu tunavyoviheshimu leo vilizaliwa katika starehe, na wenye elimu wa zama zake walivitazama kwa dharau ile ile ambayo kwayo sisi twaitazama filamu. Sir Thomas Bodley, aliyefungua mwaka 1602 ile maktaba ya Oxford inayoitwa kwa jina lake hata leo, alimwandikia mtunza maktaba wake mwaka 1612 kumkataza asiingize tamthilia za Kiingereza zilizopigwa chapa, maana alizihesabu kuwa takataka za kuiaibisha nyumba ya elimu. Wakati huo Shakespeare alikuwa hai, na tamthilia zake zilichezwa ng'ambo ya mto Thames, jirani na viwanja ambamo dubu walifungwa minyororo wakashambuliwa na mbwa ili watu wafurahi. Alipokwisha kufa, tamthilia zake zilikusanywa katika juzuu moja kubwa mwaka 1623. Nakala iliyofika katika maktaba ile ikaja kuondolewa kwa kuonekana haina haja tena, na mwaka 1906 ikabidi irudishwe kwa fedha za michango. Leo mwanafunzi wa Tanzania anayesoma tamthilia yake ya Julius Caesar kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, anasifiwa kuwa anasoma kitabu cha adhama, wala hapana mtu amwambiaye kwamba anajiburudisha kwa mchezo uliokuwa ukishindana na dubu kwa watazamaji.

Wala hili si jambo la Waingereza peke yao. Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyeorodhesha mwaka 987 vitabu vya lugha ya Kiarabu alivyovijua, alikutana na mkusanyo wa ngano za Kiajemi ambao ndio mzazi wa Alfu Lela u Lela, naye akauhukumu kuwa ni kitabu duni, chenye masimulizi yaliyopoa. Ngano hizo alizozidharau zimetembea dunia nzima, zikafasiriwa kwa Kiswahili zamani za Waingereza, zikasomwa na watoto wa shule kama mfano wa lugha nzuri. Na huko Ulaya ya karne ya 18, kusoma riwaya kwenyewe ndiko kulikokuwa balaa ya vijana: wazazi na makasisi walilalamika kwamba kunakula wakati, kunawatenga watoto na jamaa zao na kuwajaza akilini mambo yasiyokuwapo, maneno ambayo sisi tumeyachukua mazima tukayaelekeza kwenye simu. Mwaka 1775 baraza la mji wa Leipzig lilipiga marufuku kuuzwa kwa riwaya ya Goethe juu ya kijana Werther, iliyokuwa imetoka mwaka uliotangulia tu, kwa kuhofia kwamba wasomaji wangejiua kama alivyojiua kijana huyo. Haiwezekani kitu kiwe na ubora wa asili, ulio ndani ya dhati yake, halafu ubora huo uhesabiwe uovu katika karne moja na wema katika karne ya pili.

Lakini kwa nini tukae Leipzig na Baghdad, ilhali pwani yetu ina ushahidi ulio wazi zaidi? Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, ulikuwa kitabu, maana uliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa. Nao ulikuwa burudani, maana ulighaniwa kwa sauti mbele ya hadhira, na walioweza kuusoma kwa macho yao walikuwa wachache mno kuliko walioufurahia kwa masikio. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, nao ukapita kutoka kwa mwanamke hata kwa mwanamke, wengine wakiumiliki katika karatasi na wengine wakiuhifadhi kwa ghibu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikuwa mambo ya barazani: ya mahaba, ya ucheshi, ya vita vya Mombasa na Lamu, ya Mazrui na Sayyid Said; yaliishi midomoni mwa watu hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, William Taylor akayaandika, na mwisho yakapigwa chapa kuwa diwani mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Mtu wa Mombasa wa siku hizo, aliyesikia shairi la Muyaka likitolewa, akalifumbua fumbo lake, akalala akilitafakari, na asubuhi akaenda kulijibu kwa beti zenye vina vilivyotimia, tutasema alikuwa anasoma au anajistarehesha? Mimi siuoni mpaka, na naamini yeye angetushangaa kwa kuuliza.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini, akauza vyungu, wala hakupata kufundishwa kusoma na kuandika. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji na maneno ya Kiarabu ya taarab ya zama hizo, akayashika yote kwa kumbukumbu. Kisha akaifanya taarab, ambayo ilikuwa ya jumba la mfalme na ya Kiarabu, iimbwe kwa Kiswahili na kusikiwa na wachukuzi na wapishi. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, nazo zikanunuliwa pwani nzima. Wala nyimbo zake hazikuwa za mahaba peke yake: wimbo wa Kijiti uliitangaza habari ya mwanamke aliyeuawa, na masikitiko ya watu juu ya jinsi kesi yake ilivyoendeshwa mahakamani, hata maskini wa mtaa wa Ng'ambo asiyejua herufi moja akawa na maoni juu ya haki na dhuluma katika mji wake. Huo ulikuwa wimbo wa kuburudisha, ulioimbwa na mtu asiyejua kusoma mbele ya watu wasiojua kusoma; nami sijui ni kitabu gani kilichochapishwa Unguja katika miaka hiyo kilichofanya kazi kubwa kuliko hiyo katika nyoyo za watu.

Aliyelitambua hilo kwa ukamilifu alikuwa Shaaban Robert, mtu ambaye hakuna awezaye kumshuku kwamba alikidharau kitabu. Yeye, aliyeandika Kusadikika na Adili na Nduguze, aliona inafaa kalamu yake iandike wasifu wa mwimbaji huyu, na akamwandika kwa taadhima anayostahili mtu mkuu, si kwa huruma ya msomi anayemtazama mjinga mwenye kipaji. Hapo pana funzo maradufu, nami ningependa msomaji alishike, kwa kuwa nusu ya pili ya makala hii yalitegemea. Siti hakuhitaji kitabu ili awe mwenye hekima. Lakini sisi, tuliozaliwa baada ya sauti yake kunyamaza mwaka 1950, tulikuwa na haja ya kitabu ili tumjue, kwa maana sahani za santuri huchakaa na kuvunjika, na sauti peke yake haielezi ni nani aliyeimba, alitoka wapi, na kwa nini alidhihakiwa kabla ya kuheshimiwa.

Nigusie na mchezo wa bao, unaolaumiwa kuliko starehe zote kuwa ni wa wavivu. Mashimo 32, kete 64, na kanuni ambazo mgeni huchukua miezi kuzielewa: mchezaji huanza kwa namu, akiingiza kete moja moja, na zikiisha za mkononi huingia mtaji, ambapo kila hatua yaweza kuzungusha kete ubao mzima na kugeuza hali ya mchezo kabisa. Fundi wa bao hupiga hesabu hiyo yote kichwani kabla hajagusa kete, na huikumbuka michezo iliyopita kama kadhi akumbukavyo kesi. Ukimlinganisha na mtu aliyetumia saa zizo hizo kusoma riwaya ya upelelezi ya kumi inayofanana na tisa zilizotangulia, yenye bastola ile ile na binti mrembo yule yule, sioni kwa mizani gani utasema kwamba wa pili ameitumikia akili yake vizuri zaidi. Sisemi haya kuzidharau riwaya za upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ni kazi ya mwandishi mahiri, na Bwana Msa wake aliwafundisha wasomaji wengi raha ya kufikiri kwa utaratibu. Nasema tu kwamba katika vitabu pana tofauti kubwa ya daraja, kubwa kupita ile tunayodhani ipo kati ya kitabu na kisicho kitabu.

Na wako waandishi waliotoka nje ya kitabu kwa hiari yao, bila kuacha uandishi. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa amekwisha kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya kwa Kifaransa alipotambua kwamba wachukuzi, wakulima na wanawake wa sokoni aliowaandika hawangeweza kumsoma hata mmoja. Akaenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza kutengeneza filamu, na mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu, filamu iliyotokana na hadithi yake mwenyewe, juu ya mzee mmoja wa Dakar aliyepokea hawala ya fedha kutoka Paris akashindwa kuzipata kwa sababu ya hila za maofisi na za jamaa. Mtu wa Dakar asiyejua kusoma aliiona filamu ile akajiona mwenyewe. Je, tutamwambia Sembène kwamba aliteremka daraja siku aliposhika kamera?

Haya yote hayana maana kwamba starehe zote ni sawasawa. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, alifika huko: alishikilia kwamba mchezo wa kitoto na ushairi vina thamani moja iwapo vinaleta furaha ya kiasi kimoja. Mwanafunzi wake John Stuart Mill alilikataa jambo hilo mwaka 1861, akahoji kuwa furaha hutofautiana kwa daraja na si kwa wingi tu, na kwamba wenye kuamua ni wale waliozionja zote mbili. Kauli ya Bentham naikataa, kwa kuwa mtu hukumbuka maisha yake kwa yale yaliyombadilisha, si kwa hesabu ya raha alizopata. Lakini mahakama ya Mill nayo ina kasoro, maana mahakimu wake ni watu wa vitabu tangu utoto, na kesi inayoamuliwa na ndugu wa mdai haiwezi kumridhisha mdaiwa. Angewaita fundi wa bao na mpiga kanuni wa taarab wakae naye kitini, huenda hukumu ingebadilika.

Wako pia wanaotaka kulimaliza shauri hili kwa sayansi, na hapo nashauri uangalifu. Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Hayes na Ahrens, walihesabu maneno adimu katika Kiingereza cha vitabu na cha televisheni, wakakuta kwamba vitabu vya watoto vilikuwa na maneno adimu kiasi cha 31 katika kila maneno 1,000, na vipindi vya jioni vya televisheni vya watu wazima kiasi cha 23. Kwa hiyo mtoto asomaye hukutana na msamiati mpana kuliko mtu mzima atazamaye. Hiyo ni hoja nzito, nami naichukua, nikikumbuka kwamba ni hesabu ya lugha moja katika nchi moja, na kwamba taarab na mashairi ya malenga hayamo ndani yake. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine uliotangazwa kila mahali, uliodai kwamba kusoma kurasa chache tu za riwaya nzuri kunampa mtu uwezo mkubwa zaidi wa kufahamu nyoyo za wenzake. Wapenda vitabu wakaushangilia. Wengine waliporudia majaribio yale, pamoja na kundi kubwa la watafiti lililotoa matokeo yake mwaka 2018, hawakuipata athari ile. Anayekitetea kitabu kwa ithibati ya namna hiyo hukitia hasara siku ithibati inapoanguka.

Basi fadhila ya kitabu iko wapi, kama haimo katika karatasi, wala katika umri, wala katika dawa ya nyoyo? Kwa maoni yangu imo katika jambo moja ambalo starehe nyingine hazina, au zinalo kwa uchache: katika kitabu, wakati uko mikononi mwa msomaji. Wimbo una mwendo wake, na anayeusikiliza hana budi kuufuata. Filamu haimsubiri mtu aliyeshangazwa na neno. Na picha za simu zimetengenezwa ziandamane moja nyuma ya nyingine hata mtazamaji asipate nafasi ya kuamua kama anataka inayofuata. Kitabu husimama unaposimama. Ukifika ukurasa wa 200 ukahisi kwamba mwandishi anapingana na alilolisema katika ukurasa wa 10, warudi, wamkamata, wabishana naye, na yeye hana njia ya kukuharakisha wala ya kukunyamazisha kwa ngoma. Kwa sababu hiyo kitabu chaweza kubeba hoja ndefu, yenye masharti na matawi mengi, ambayo sikio haliwezi kuishika yote kwa mara moja. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951 chini ya utawala wa kikoloni, inamsimamisha Karama mbele ya baraza awasimulie wakuu habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi na mema, wakaadhibiwa. Msomaji wa siku zile alikuwa na wasaa wa kusimama baada ya kila mjumbe akajiuliza, katika faragha asiyoweza kuingiliwa na askari, nchi hii inayosemwa ni ipi hasa.

Faragha hiyo si jambo dogo. Abdilatif Abdalla alipofungwa nchini Kenya, tangu mwaka 1969 hata 1972, kwa kijikaratasi cha kisiasa alichokiandika, hakuwa na baraza, wala hadhira, wala ala ya muziki. Alikuwa na karatasi za msalani, na juu yake aliandika kwa siri mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Maandishi yalimruhusu mtu aliyetengwa kabisa aseme na watu ambao hajapata kuwaona, naye msomaji, peke yake chumbani, akamsikia pasipo mtu wa kati. Nyimbo za Siti zilihitaji wapiga ala, na fundi wa bao huhitaji mwenziwe. Hayo ni mapungufu na ni baraka kwa pamoja, kwa kuwa binadamu hahitaji faragha siku zote. Lakini siku aihitajipo, sijui kitu kingine kinachompa faragha yenye mtu mwingine ndani yake.

Angalieni, hata hivyo, kwamba fadhila hii ni nafasi tu, na nafasi huweza kuachwa tupu. Msomaji apitaye mbio juu ya kurasa ili ajisifu kwa idadi ya vitabu alivyomaliza, asirudi nyuma hata mara moja wala kubisha neno, amekifanya kitabu kiwe filamu mbovu isiyo na picha. Na mtazamaji aliyeiona filamu ya Sembène, akatoka akabishana na wenziwe mpaka usiku wa manane juu ya hawala na maofisi, amefanya kazi yote ambayo msomaji mwema hufanya. Hukumu yangu, basi, ni kwamba kitabu hakina ubora wa asili juu ya burudani nyingine, ila kina uwezo ambao hizo nyingine hazitupi kwa wepesi, na mtu asiyepewa kamwe nafasi ya kuujaribu uwezo huo amedhulumiwa, hata akiwa mchezaji hodari wa bao na mjuzi wa nyimbo zote za pwani.

Ndiyo maana nalaumu zaidi upungufu wa vitabu kuliko wingi wa simu. Watu wazima wa nchi hii walishaonyesha njia wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini kote Tanzania Bara, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa vijitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayofuga mbu. Redio haikukifukuza kitabu, wala kitabu hakikuinyamazisha redio. Kila kimoja kilifanya kile ambacho mwenziwe hakiwezi. Nawasihi wenye mamlaka ya elimu, na wenye redio na televisheni, waurudie utaratibu huo kwa fasihi: riwaya na tenzi zetu zisomwe hewani kwa sauti, sehemu kwa sehemu, na nakala zake ziwepo katika maktaba ya kila wilaya na kila shule siku iyo hiyo, kwa bei au kwa azima ambayo mtoto wa mvuvi ataimudu. Na mzazi anayetaka mwanawe asome, aache kumkaripia kwa ajili ya simu. Atafute kitabu kimoja kizuri cha Kiswahili, aketi naye baada ya chakula cha usiku, na amsomee yeye kwanza.